Kibao cha Posa

Tulimwacha Bwana Thrane, mthamini kutoka Kristiansand, ameweka kidole juu ya zile herufi tatu, mdomo umefunguka kutaja thamani. Mdomo bado uko wazi. Kidole hakipo.

Shoka limekilaza mezani, kando ya kikombe cha kahawa.

"Mama yangu!" alilia mthamini, damu ikimrukia shati.

Aliyeshika mpini ni Mzee Kittil wa Bratteland, babu yake Aslaug, mtu ambaye watu wa bonde la Setesdal hawakuwahi kumwona akimchapa hata ng'ombe.

"Nilisema kisitoke nyumbani!" alinguruma. "Nilisema au sikusema?"

Aliyekosa gazeti lililopita asihangaike, mambo yenyewe ni haya. Bwana Thrane alikuja nyumba ya mikutano kuwaambia watu thamani ya vitu vyao vya kale. Watu wakabeba bizimu za fedha, mabakuli ya pombe ya mababu, masanduku yaliyochorwa maua. Aslaug akaleta kibao cha posa kilichokuwa kikining'inia juu ya kitanda cha bibi yake, Margit. Bibi mwenyewe ndiye aliyekitoa ukutani.

"Kipeleke," alimwambia. "Usikiuze. Nataka tu kijulikane."

Kibao cha posa ni ubao mrefu kama mkono wa mtu, wa kunyooshea nguo za kitani, na mshikio wake ni farasi wa kuchongwa. Kijana wa bonde hili akipenda, hasemi. Anachonga kibao, anaweka herufi za jina la msichana, anakining'iniza mlangoni kwao jioni. Asubuhi kikiwa kimeingizwa ndani, amekubaliwa. Kikiwa bado mlangoni, anakichukua kimyakimya, anakichoma moto, anachonga kingine kwa mwingine. Kibao kimoja hakipelekwi kwa wasichana wawili. Mwanamume afanyaye hivyo huchekwa mpaka kaburini.

Tarjei wa Haugland alichonga chake, ingawa vijana wa siku hizi wananunua pete. Akakining'iniza mlangoni kwa Aslaug. Aslaug akakiingiza. Harusi ni Jumamosi.

Harusi hiyo ndiyo iliyokuwa juu ya meza siku ile, ingawa watu walidhani ni ubao.

Haya, shoka lilipanda mara ya pili.

"Babu, utaniua!" Aslaug alikikumbatia kibao kifuani.

"Kiweke chini nikipasue! Kiweke!"

Tarjei aliruka juu ya meza. Kahawa ikamwagika, bizimu zikatawanyika. Akamkumba mzee kifuani, wote wawili wakaanguka kwenye sahani za chapati za viazi. Kiwiko cha Kittil kikampata kijana puani, pua ikalia *kap!* kama kijiti. Tarjei hakuachia. Alimng'ata mzee kwenye kifundo cha mkono mpaka shoka likalegea.

"Kittil umeanza harusi mapema!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Akina mama, mmekuja na sanda?"

Watu wakacheka kwa woga. Zamani wanaume wa bonde hili walichomana visu harusini, na mke mwenye akili alitia sanda ya mumewe kwenye kikapu, chini ya chapati.

Wanaume wakamfunga Kittil kwa mikanda yao, wakamkalisha sakafuni. Suruali zikawa zinawashuka, hakuna aliyejali.

Bibi Margit alikuwa benchi la nyuma, anafuma soksi. Shoka lilipotua, hakuinua uso. Lilipopanda tena, hakuinua. Sindano zake ziliendelea, *tiki, tiki, tiki*.

Aslaug aliliona hilo. Akadhani ni uzee.

Akachana upindo wa sketi yake, akamfunga mthamini mkono. Bwana Thrane alikuwa mweupe kama maziwa yaliyochujwa, lakini macho hayakutoka kwenye kibao.

"Nikupeleke kwa daktari," alisema Aslaug.

"Ngoja kwanza. Kidole kimeshakwenda, kisiende bure. Kigeuze."

Aslaug akakigeuza. Mthamini akapitisha kiganja cha mkono uliobaki mzima upande wa chini, taratibu.

"Kinakwaruza," alisema.

"Kinakwaruza nini?"

"Ubao uliotumika unakuwa laini kama shavu la mtoto. Huu bado una alama za kisu cha mchongaji. Huu, binti yangu, haujanyoosha hata leso."

"Sasa hiyo ni nzuri au mbaya?" aliuliza yule mropokaji wa nyuma.

"Kibao kipya cha zamani hivi! Nimezunguka mabonde yote, nimeona vibao vya waliokubaliwa mpaka nikavichoka. Vya waliokataliwa vilichomwa moto. Hiki ni kibao kilichokataliwa, na hakikuchomwa. Makumbusho ya mji mkuu yatapigana kwa ajili yake."

"Bei, bwana! Bei!"

"Shamba la Bratteland," alisema Bwana Thrane. "Pamoja na ng'ombe wake."

Ukumbi ulipiga mluzi.

"Kittil, ulitaka kukata kuni za bei ya ng'ombe!" mtu alisema. "Mfungueni mzee, amekuwa tajiri!"

Kittil hakucheka. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye ndevu.

Aslaug naye hakucheka. Kuna neno lilikuwa limemkwama.

"Umesema kilichokataliwa. Bibi hakukataa. Bibi aliolewa na babu, mimi hapa ni mjukuu wao. Halafu soma mwenyewe, kimeandikwa *god*."

*Ge, o, de.* Kwa lugha ya bonde hili, ukizisoma pamoja ni neno: *god*, maana yake mwema. Aslaug alilelewa na neno hilo. Mtoto wa Bratteland akilia usiku, aliinuliwa juu akalishike, akiambiwa: Babu yako alimwona bibi yako, akachonga neno moja tu. Mwema.

Bwana Thrane alicheka, akaminya mkono kwa maumivu.

"Nani alikudanganya? Hakuna aliyechonga neno kwenye kibao. Anachonga jina. De ya mwisho ni *dotter*. Binti. Ge, binti wa O. Bibi yako anaitwaje?"

Aslaug alizitazama upya zile herufi.

"Jina la bibi, binti yangu!"

"Margit," alisema Aslaug. "Margit binti Bjug."

Ilikuwa kama mtu amefungua mlango wakati wa barafu. Baridi iliingia.

Kisha sauti ikatoka kando ya jiko la kuni.

"Gyrid."

Alikuwa Mzee Torgeir wa Haugland, babu yake Tarjei.

"Gyrid binti Olav," alisema. "Dada yangu."

Macho yote yakamrudia Kittil. Na Kittil akapasuka, kama bwawa linavyopasuka.

"Ndiyo! Ni cha Gyrid! Nilimpenda, akanikataa. Mngetaka nifanye nini? Nilikichonga majira yote ya baridi, vidole vikaota sugu! Nilikiweka motoni mara mbili, mara mbili nikakitoa. Baadaye nikampa Margit, nikasema herufi zile ni neno. Basi! Chekeni! Ndiyo maana sikutaka kitoke. Chekeni mmalize!"

Wakacheka. Jamani, walicheka! Kwa ile hofu ya shoka iliyokuwa imewakaba, walicheka mpaka wakashikana.

"Mwema! Kumbe mwema ni wa Haugland!"

"Mzee umeoa kwa viporo!"

"Bibi Margit, umelala chini ya jina la mwanamke mwingine na unafuma soksi tu!"

*Tiki, tiki, tiki.*

Hata Aslaug akatabasamu, machozi yakimtoka. Aibu tu! Babu alitaka kuua kwa ajili ya aibu ya ujana. Aibu haizuii harusi. Akamtafuta Tarjei kwa macho. Tarjei, pua imevimba, akamkonyeza.

Torgeir peke yake hakucheka. Alisogea mezani, akaweka kidole kwenye kichwa cha yule farasi.

"Sikio lake moja liko wapi?"

"Lilitafunwa na mtoto wa mbwa," alisema Aslaug. "Kabla sijazaliwa. Bibi ndivyo anavyosimulia."

"Mtoto wa mbwa."

"Ndiyo, babu."

Torgeir akafungua vifungo vya sweta. Shingoni alikuwa na kifuko kidogo cha ngozi. Watu wa bonde walijua kifuko hicho, walidhani ni dawa ya baridi yabisi.

"Nyote mnajua dada yangu alikufaje," alisema. Hakupaza sauti. "Alikutwa chini ya daraja, paji la uso limebonyea. Wakasema amepigwa teke na farasi. Farasi wa nani? Hakuna aliyemwona. Mama yangu alipomwosha, alikuta kitu kimenasa kwenye msuko wake. Akaniachia mimi. Nimekivaa tangu siku aliyokufa mama, na sikuwahi kujua ni kitu gani."

Akakitoa. Kipande cha mti, kidogo kama punje ya shayiri iliyovimba, cheusi.

Akakiweka kwenye kichwa cha farasi.

Kikaingia kama jino kwenye fizi.

"Farasi aliyempiga dada yangu teke," alisema Torgeir, "alikuwa wa mti."

Kicheko kilikufa palepale. Hakuna aliyekumbuka tena bei.

Torgeir alimgeukia Kittil, akamzaba kibao cha kwanza. Cha pili. Cha tatu kilimlaza ubavuni.

"Kibao kwa kibao, Kittil!"

"Torgeir, sikiliza! Sikumgusa!"

"Alikukataa ukamuua!"

"Naapa mbele ya Mungu!"

"Mwache Mungu, aibu yako hujaimaliza!"

Wanaume wawili wa Haugland wakaingia kwa mateke. Buti za msituni, zenye misumari. Mtu akavunja benchi mgongoni kwa mzee. Kittil, amefungwa kwa mikanda, hakuweza hata kujikinga uso. Meno yalimtoka pamoja na maneno.

Aslaug akajitupa juu yake. Teke lililokuwa njiani likampata yeye mbavuni, pumzi ikakatika.

"Aslaug, toka hapo!" Tarjei alimvuta mkono.

"Niache! Ni babu yangu!"

"Amemuua dada wa babu yangu!"

"Na Jumamosi?" Aslaug alimtazama, damu ya babu yake shavuni. "Tarjei, niambie. Na Jumamosi?"

Tarjei aliuachia mkono wake.

Torgeir alikuwa ameshachomoa kisu cha mkanda. Alimkamata Kittil ndevu, akazivuta juu mpaka koo likakaa wazi kama la kondoo wa kuchinjwa.

"Sema kwa nini. Useme halafu ufe."

"Kwa nini nimuue?" Kittil alitema damu. "Alikirudisha kibao. Alinikataa, nikalia, nikaishi. Wasichana wanakataa kila siku, Torgeir. Ningemuua kila aliyenikataa bonde lingebaki na nani?"

"Hakukukataa, mbwa wewe!"

Sauti ya Torgeir ikawa ya mtoto.

"Nilikuwa nalala naye chumba kimoja. Nilimwona akikitoa mlangoni. Alikiingiza ndani amekibeba kama mtoto mchanga, akalala nacho. Asubuhi akasuka nywele, akasema hawezi kungoja uje, anakuletea jibu mwenyewe. Mama akamwambia msichana hamfuati mwanamume. Hakusikia. Aliondoka anaimba!"

Kittil aliacha kujitupatupa.

"Alikiingiza ndani?" aliuliza.

"Alikiingiza."

"Torgeir. Nikate, lakini usinidanganye."

"Alikiingiza, nakwambia!"

Mzee yule, mdomo umepasuka, jicho moja limefumba, alianza kulia. Hakulia kama anayepigwa. Alilia kama kijana aliyeletewa posa na msiba kwa mkono mmoja.

Torgeir alimtazama. Alikuwa amechinja wanyama maisha yake yote, alijua uso wa kiumbe kinachojua kisu kinakuja. Huu haukuwa uso ule. Huu ulikuwa uso wa mtu anayesikia habari kwa mara ya kwanza.

Kisu kikashuka kidogo.

"Nani alikuambia alikukataa?"

Kittil alifumba na jicho la pili.

"Kittil! Nani alikurudishia kibao?"

Ndipo Aslaug aliposikia. Yaani aliposikia kwamba hasikii. Ile *tiki, tiki, tiki* ilikuwa imekoma.

Bibi Margit alikuwa anakunja uzi wake. Alichoma sindano kwenye donge la sufu, akaliweka benchini, akasimama.

"Mimi," alisema.

Watu wakampisha bila kuambiwa. Alitembea kama anayekwenda kukamua.

"Nilikuwa mkamuaji pale Bratteland. Kittil alikuwa akinisalimia kila asubuhi, nikadhani salamu ni kitu. Siku ile nilikutana na Gyrid darajani. Akanionyesha. 'Tazama, Margit, herufi zangu!' Alikuwa anacheka. Hakunicheka mimi, hapana. Alikuwa na furaha tu. Akanipa nikishike."

Aliufikia ubao, akaweka mkono kwenye mgongo wa farasi.

"Farasi huyu anashikika vizuri," alisema. "Kittil anajua kuchonga."

Mwanamke mmoja alitapika.

"Bibi," alinong'ona Aslaug. "Bibi, nyamaza."

"Nimenyamaza vya kutosha, mwanangu. Nilimrudishia babu yako kibao, nikamwambia amekataliwa. Alipoona sikio halipo nikasema mtoto wa mbwa. Aliponipa kibao mimi, na lile neno lake la uongo, nilicheka mpaka nikaogopa. Nikakitundika juu ya kichwa changu. Nguo sikuweza kunyooshea. Kila nilipokishika, mkono ulikumbuka."

"Kwa nini leo?" aliuliza Aslaug. "Kwa nini ulinipa mimi nikilete?"

"Kwa sababu Jumamosi wangenikalisha kwenye kiti cha bibi harusini, niko bega kwa bega na ndugu yake Gyrid, ninywe naye bakuli moja." Akamgeukia mthamini. "Bwana, umetaja bei ya ubao, na nashukuru. Ya damu ataitaja Torgeir."

Torgeir akarudisha kisu alani. Aslaug akashusha pumzi.

Mapema mno.

Torgeir aliliokota shoka sakafuni. Lilikuwa bado na damu ya mthamini.

Hakuna aliyesogea. Wanaume waliomvunjia Kittil benchi mgongoni sasa walikuwa wanatazama viatu vyao. Kittil mwenyewe, pale sakafuni, aligeuza uso ukutani. Hakumwombea mkewe hata kwa neno.

Margit akafungua kitambaa cha kichwa, akakikunja vizuri, akapiga magoti mbele ya meza kama kanisani.

"Babu!" Tarjei alisimama katikati. "Babu, ni bikizee!"

"Gyrid hakupata kuwa bikizee. Toka, Tarjei. Au wewe umeshakuwa wa Bratteland?"

Tarjei alimtazama babu yake. Alitazama lile sikio dogo kwenye kichwa cha farasi. Kisha, polepole, akatoka katikati.

Akamwendea Aslaug, akamnyooshea mkono.

"Twende nje," alisema. Damu ya pua ilikuwa imemkaukia kidevuni. "Wewe na mimi, sasa hivi. Usigeuke nyuma. Kibao changu kiko ndani kwako, nami sitakidai. Ukitoka na mimi, Jumamosi ipo."

"Na nisipotoka?"

"Aslaug. Nakuomba."

Aslaug aliutazama mkono ule. Kwenye kidole gumba kulikuwa na kovu jipya. Kisu kiliteleza alipokuwa anachonga herufi zake, akamwambia kwa kicheko kwamba amelipia jina lake kwa damu.

Akaushika. Ulikuwa wa moto. Tarjei akavuta pumzi, akageukia mlango.

Nyuma yao shoka lilipanda, na mbao za sakafu zikalia chini ya miguu ya Torgeir.

Aslaug akauminya mkono wa Tarjei mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayeaga kituoni. Akauachia.

Akajitupa juu ya bibi yake. Na shoka lilikuwa limeshaanza kushuka.